Firigisi ya Wandera

Kila jioni Immaculate hutoa vigoda viwili, huviweka ubavu kwa ubavu nje ya jikoni yake hapa Lurambi, na katikati huweka kapu la mboga. Kigoda kimoja ni cha mumewe, Wandera. Sisi wapangaji wenzao tumeshazoea kumwona akichambua mrenda, ingawa wapo wanaomcheka.

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, hakuwa akiketi hapo. Wandera ni fundi wa rangi, na wakati huo kazi zilikuwa zimekauka. Mdogo wake Sydney, aliyekuwa amepata kazi Nairobi, akaja kuwasalimu. Immaculate akachinja kuku. Wakati wa kupakua, firigisi, ambayo katika nyumba nyingi za huku ni ya mwenye mji, yaani baba wa nyumba, aliitia kwenye sahani ya Sydney. Sydney akaitafuna huku macho yakiwa kwenye simu. Wandera alinawa mikono, akasema ameshiba.

Tangu siku hiyo hakumsemesha mkewe. Maneno aliyapitisha kwa binti yao.

"Michelle, mwambie mama yako chai haina sukari."

"Baba, si mama yuko hapa?"

"Mwambie tu."

Wiki ilipokwisha, Immaculate alipanga nguo zake na za mtoto kwenye mkoba. Asubuhi angerudi kwao Butere. Lakini jioni hiyo mboga zilikuwa hazijachambuliwa, kwa hiyo akatoa vigoda, safari hii viwili. Wandera alipoingia uani, akamwita.

"Baba Michelle, keti unisaidie. Na usitume mtoto. Nilikukosea wapi?"

Wandera akaketi. Alishika mrenda, akawa anang'oa majani pamoja na vijiti vyake.

"Firigisi," akasema hatimaye.

Mimi nilikuwa nikianua nguo kando, na nusura nicheke. Immaculate hakucheka.

"Kwetu baba alikuwa anaachianga mgeni," alisema. "Sikufikiria zaidi ya hapo."

"Mimi nikadhani umeona mwenye mshahara ndiye mwenye mji."

"Kumbe hilo ndilo umebeba wiki nzima? Pole. Lakini kunisemesha kupitia mtoto kuliniuma sana. Nikikukosea, niambie mimi."

"Hapo nilikosea. Nisamehe, Mama Michelle."

"Nimesikia. Na hivyo vijiti utavila mwenyewe."

Wandera ndiye aliyeanza kucheka.

Kazi za rangi hazikurudi upesi, na bado wao hukorofishana. Mwezi uliopita ilikuwa kuhusu shamba la kwao Wandera, na sauti zilipanda hadi tukafunga madirisha. Jioni vigoda vikatolewa kama kawaida.

Juzi nilimsaidia Immaculate kubeba kapu, ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini siku ile hakuondoka, na mkoba ulikuwa tayari.

"Nilikuwa bado sijamuuliza," akasema.