Mistari Miwili Chini ya Thelathini na Nane

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, ni karani wa masjala hospitalini. Mchana kutwa anatafuta mafaili ya watu, na jioni, kwa miaka zaidi ya ishirini, alikuwa akijifungia chumba cha uani kuranda mbao. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Ilikuwa starehe yake, kama wengine walivyo na mpira, na alikuwa akija mezani na vumbi la msasa hadi kwenye nyusi.

Kila mwezi lilikuja jarida la useremala kutoka ng'ambo. Lugha yake ilimpiga chenga, kwa hiyo dada ndiye aliyemsomea huku yeye akipima na kukata. Vipimo vilikuwa vya inchi, na shemeji ni mtu wa sentimita. Dada, fundi cherehani mwenye hesabu kali, aliviandika upya kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Alisoma akiwa amekalia ndoo iliyofunikwa, maana viti vyote vya nyumba ile vilimning'iniza miguu. Wanawake wa kwetu tulipunjwa urefu.

Dada alipofariki, majarida yaliendelea kuja. Mwanzoni shemeji aliyafungua, akatazama picha, akayafunga. Baadaye akawa anayapanga juu ya kabati yakiwa ndani ya nailoni zake.

"Hayana jipya," aliniambia. "Mwaka wa kumi na mbili huu wananifundisha kunoa patasi. Nimeshanoa, jamani."

Nilicheka, lakini nilijua ananizuga. Patasi haikuwa na kosa lolote. Alikosa wa kumsomea, na hilo hakuweza kulitamka.

Jumatano moja akanipigia simu. Jumamosi seremala wa mtaa wa pili angekuja kuichukua meza ya kazi na randa zote. Mimi nikayabebe majarida, nichukue na chochote nitakacho. Nilipandwa na hasira. Niliona kama anamzika dada mara ya pili, nikaenda nimejaa maneno.

"Kwa hiyo unasafisha kila kitu?"

"Ni mbao tu, shemeji. Mikono imechoka."

"Na ile ndoo nayo imechoka?"

Ndoo ilikuwa palepale, kando ya meza, na kifuniko chake. Akanisogezea kamba.

Nikaketi sakafuni kuyafunga majarida kwa kamba. Nina ubaya mmoja, siwezi kufunga karatasi bila kuzichungulia. Katika jarida lililokuja wiki chache kabla dada hajalazwa, niliukuta mwandiko wake umejaa ukurasa wa kiti. Kiti chenyewe hakikuwahi kutengenezwa. Nikaanza kusoma kwa sauti, kumchokoza tu.

"Mguu wa nyuma, tisini na mbili. Upana, arobaini na tano. Kimo cha kukalia, thelathini na nane."

"Ngoja," alisema. "Inchi ngapi hapo?"

"Kumi na nane."

"Basi ni arobaini na sita. Amekosea."

"Dada? Akosee hesabu?"

Akavaa miwani, akainama. Chini ya thelathini na nane palikuwa na mistari miwili. Mimi niliijua mistari ile, niliyekulia chini ya cherehani yake. Akishampima mteja mwilini, aliipiga hivyo, asije mtu akambishia.

"Kimo hiki hakukigeuza kutoka inchi," nilimwambia. "Hiki alikipima."

Shemeji aliitazama ndoo. Akatoa futikamba mfukoni, akapiga goti, akaipima kutoka sakafuni hadi kwenye kifuniko. Ilikuwa thelathini na nane kamili.

"Miaka yote hiyo," alisema, bado amepiga goti. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuandikia."

Jumamosi seremala aliikuta meza imejaa maranda. Akarudi mikono mitupu, amenuna, na sikumlaumu.

Kiti kilichukua wiki tano. Mguu mmoja aliurudia mara tatu, na alinipigia simu kunisimulia kila kosa kana kwamba mimi ni fundi. Kilipokwisha aliniita, akakiweka pale ilipokuwa ndoo.

"Kaa."

Nikakaa. Visigino vyangu vikagusa sakafu, vyote viwili. Sijui mara ya mwisho nimekaa hivyo kwenye kiti ni lini. Nilimkumbuka dada yangu kwa namna ambayo hata msibani sikuwa nimemkumbuka, nami nililia bila aibu.

Shemeji alinipa mgongo hadi nilipotulia. Kisha akachana nailoni ya jarida la mwezi ule, akanikabidhi pamoja na penseli.

"Soma polepole," alisema. "Hesabu zangu mbovu."

Zangu ni mbovu zaidi, lakini nilisoma.