Onyo la Bi Taratibu

Ofisini tulimwita Bi Taratibu, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la mtandaoni ambako waandishi wa programu hupakia vifurushi vyao ili wengine wavichukue. Kila kifurushi huja na maelezo, kwa mfano kinafaa mashine zipi. Namna ya zamani ya kuyaandika ilikuwa inaondolewa. Sisi tulitaka kila anayeitumia arudishiwe kifurushi chake papo hapo. Bi Taratibu akakataa katakata.

"Jamani, watu wana kazi zao. Tupokee, tuwaonye."

Basi tukapokea, na yeye akaweka onyo la manjano, la adabu utadhani anamwandikia mkwewe.

Mdogo wake alikuwa mmoja wa walioonywa. Programu yake iliendesha kengele ambazo wagonjwa wa hospitali moja huitia wauguzi. Bi Taratibu alimwambia nyumbani, mama yao akisikia: "Rekebisha maelezo yako, wewe! Tukiacha kuyasoma, mashine za zamani zitachukua toleo lisilozifaa. Kengele zitakufa."

"Aa, dada, mbona kila nikipakia inapita? Ingekuwa kubwa hivyo mngekataa."

Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo. Onyo lenyewe hakuna aliyelisoma! Siku hizi vifurushi hupakiwa na mashine. Mwenye kazi anatazama alama ya kijani tu, kisha huyo, anakwenda kunywa chai. Tulikuwa tunampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe hayupo.

Siku ya mwisho tuliyoitangaza ikafika, tukaacha kuyasoma maelezo ya zamani. Hata hivyo hatukumkatalia mtu. Toleo jipya la mdogo mtu likaingia vizuri, na mashine za hospitali, ambazo zilikuwa za zamani, zikalichukua. Kesho yake mzee mmoja wa wodi ya wanaume alibanwa na kifua, akabonyeza kengele. Hakuna aliyeisikia. Muuguzi alipopita kugawa dawa alimkuta ameshapoa, kidole kikiwa bado juu ya kitufe.

Mdogo mtu alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza ya dada yake, analia bila kujificha.

"Ungeikataa mara moja tu, dada. Ningekutukana wiki nzima, halafu ningerekebisha."



"Nilikuonea huruma," Bi Taratibu akasema.