Mkanda wa Saa ya Baba

Fundi wa saa aliponifunga mkononi mkanda mpya wa ngozi, harufu yake ilinirudisha uani kwetu, ndani ya kile kijiji kilichozungushiwa handaki, ambamo serikali ya kikoloni ilitufungia.

Mama alikuwa ameibana saa ya baba magotini, akipambana na mnyororo wake wa chuma. Baba alikuwa kizuizini. Lango lilifunguliwa kidogo tu mchana ili wanawake wakachume chakula shambani, na aliyechelewa kurudi alipigwa. Kwa hofu hiyo walirudi mapema, vikapu nusu. Mama alitaka kwenda na saa ili achume hadi dakika ya mwisho, lakini mnyororo uliozoea mkono mnene wa baba ulimvuka kiganja na kuanguka.

Pini iliyoushikilia mnyororo kwenye saa ilikuwa imeshika kutu. Kisu kiliteleza, kikamkata kidole. Akafyonza damu, akatia tone la mafuta ya kondoo, akaisukuma pini kwa sindano ya gunia.

"Ukiivunja, utamwambia nini mwanangu?" nyanya, mama yake baba, akamuuliza.

"Nitamwambia watoto wake walikula."

Nyanya aliingia ndani, akatoka na mkanda wake wa ngozi wa kubebea kuni, uliolainika kwa jasho na moshi, akaukata ncha kwa mkono wake mwenyewe.

Pini ilipokubali kutoka, mama aliifunga saa kwenye ngozi ile, akatoboa tundu moja tu, kwa kipimo cha mkono wake mwembamba.

Siku baba aliporudi, mama alimvisha saa yake, msumari ukiwa tayari ili amtobolee tundu jingine. Msumari haukuhitajika. Mkanda ulimkaa sawasawa kwenye tundu lile lile.