Birika la Karakana ya Lushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa birika. Nilifika saa moja asubuhi, ukungu umetanda uwanjani kiasi kwamba lori la kwanza nililiona baada ya kuligonga kwa bega. Nilimwamkia Mkuu wa Karakana shikamoo, akaitikia bila kunitazama, akanionyesha jiko la mkaa na birika jeusi, akasema nichemshe maji. Nikajua mzee anataka chai. Nilichemsha, nikatafuta majani na sukari kila kona, nikakosa, nikaenda kumwuliza viko wapi. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama yangu alikuwa ameniombea kanisani kwa ajili ya kazi ile, nami naianza kwa kutafuta sukari!

Birika lile lilikuwa la kupimia plagi za joto. Ninyi vijana mnaziita sensa, na zikiwasumbua mnachomeka kompyuta, inawatajia ugonjwa, mnaenda dukani. Haya, hongereni. Sisi tulikuwa na macho, vidole na birika. Plagi ya joto ya lori la dizeli ilikuwa kidude cha shaba, unene wa kidole gumba, kimefungwa kwenye kichwa cha injini pale maji ya moto yanapopita. Ndani yake umeme hupita kwa shida kikiwa baridi na hupita vizuri kikipata joto. Waya mmoja unatoka hapo kwenda kwenye geji mbele ya dereva, na umeme unarudi kwa kupitia mwili wa injini yenyewe. Njia hiyo ya kurudi tunaiita ethi.

Kwa hiyo mshale wa geji ukicheza, usikimbilie kununua. Tazama waya kwanza, mara nyingi umesuguliwa na chuma ukachunika. Kisha tazama ethi, kwa sababu kuna watu wakiona maji yanavuja kwenye nyuzi za plagi huzungushia utepe, uvujaji unakwisha na umeme nao unakosa njia ya kurudi. Kisha funua rejeta uone maji, injini ikiwa imepoa, usije ukaungua uso. Plagi hupima maji yanayoigusa. Maji yakishuka ikabaki inaning'inia kwenye hewa, itakuambia injini ni baridi wakati injini inakufa. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza. Naomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Ukishamaliza hayo yote ndipo unakwenda kwenye birika. Unaitumbukiza plagi, unaiunganisha na betri na geji mezani, unangoja maji yachemke. Mkuu wa Karakana alijifunzia ufundi Tanga, na sheria aliyopanda nayo mlimani ilikuwa moja. Maji yakichemka ni digrii mia, na mshale lazima usimame kwenye mia, pale rangi nyekundu inapoanza. Usipofika, plagi ni mbovu.

Basi hakuna hata moja iliyofika. Nasema hata moja. Plagi mpya kabisa, bado ina grisi ya kiwandani, maji yanaruka birikani na mshale umekomea kabla ya nyekundu. Tulizijaza kwenye boksi tukazirudisha Tanga. Tanga wakazipima, wakazirudisha na barua kwamba zote ni nzima. Tukapima tena, mbovu. Tukarudisha, nzima. Lile boksi lilipanda na kushuka mlima mara tatu, Mkuu wa Karakana akaanza kutushuku kwamba kuna anayezichezea usiku. Mwenzetu mmoja akasema karakana imejengwa mahali pasipotakiwa, penye mizimu. Mimi nilikuwa Mlutheri safi na sikutaka kusikia habari hizo, lakini nakiri nilianza kupita mbali na lile jiko.

Mwishowe Mkuu wa Karakana aliamua kwamba kama plagi ni nzima, basi geji ndizo mbovu. Akaniagiza nizirekebishe. Unafungua kioo, unauchomoa mshale taratibu kwa vijiko viwili vya chai, unauacha mpaka maji yachemke, kisha unaubandika upya juu ya mia. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono mwepesi. Nilirekebisha geji za malori yote, na nilijiona fundi kwelikweli.

Miongoni mwa madereva alikuwepo Athumani, mtu wa Soni, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Alikuwa ameupanda mlima ule na kuushuka tangu kabla ya Uhuru, kona zote anazijua. Wiki ya pili akaja kunilalamikia kwamba tangu niishike geji yake, kila akiukaribia mji wa Soni na mzigo mshale unaingia nyekundu. Anasimama, anafunua boneti, rejeta imetulia, haina hata mvuke. Kabichi zinanyauka na plamu zinalainika wakati wa kushuka, mbolea inachelewa wakati wa kupanda, na meneja wetu wa malori anafoka. Nilimjibu kwamba kazi ya dereva ni kuutii mshale, ya fundi ni kuupima. Nilimjibu hivyo mtu aliyenizidi umri, tena mbele ya watu. Akaondoka. Baadaye nikaona amebandika plasta ya kidonda juu ya geji. Sikumripoti. Nilisema moyoni, shauri yake.

Miaka ile ilikuwa ya vijiji vya ujamaa. Siku moja Athumani alipakia Mombo mbegu za viazi za kijiji kimoja cha juu. Amekwisha kuipita Soni, bomba la mpira la chini ya rejeta likapasuka. Maji yote yakamwagika barabarani naye hana habari, kwa sababu geji ina plasta. Alipokuja kusikia harufu, injini ilikuwa imenoki, haizunguki tena. Injini nyingine haikupatikana, vitu vya nje vilikuwa adimu. Lori lilikaa juu ya magogo, mbegu zikafika zimechelewa, mvua ikawapita wale watu. Unaweza kufikiri hasira yao ilikuwaje.

Kikao kilifanyika karakanani. Mkuu wa Karakana alikuwepo, Mwenyekiti wa tawi la chama alikuwepo, na ile plasta ilikuwepo, imewekwa mezani kama shahidi. Siku hizo neno mhujumu lilikuwa zito, likikushika halikuachii. Athumani alieleza kwamba geji ilikuwa inasema nyekundu kila siku, kwa hiyo ilikuwa haisemi kitu. Mwenyekiti akanigeukia.

"Fundi, geji ilikuwa nzima au mbovu?"

"Ilikuwa nzima," nilisema. "Niliipima mwenyewe."

Athumani alinitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Nyekundu yako siyo nyekundu, mdogo wangu," alisema. "Sijui kwa nini, lakini siyo."

Alifukuzwa kazi siku ileile. Alirudi Soni kulima karoti, na watoto wake wakaitwa watoto wa mhujumu shuleni. Nami nilipandishwa cheo.

Nilihamishiwa Tanga, karakana kuu, chini ya Mkuu wa Matengenezo, mtu mpole aliyevaa ovaroli nyeupe na haikuwahi kuchafuka, sijui alifanyaje. Mwezi wa pili lori la Lushoto likashuka kwa matengenezo makubwa. Nilipoona geji yake nilifurahi, ilikuwa kazi ya mkono wangu. Nikataka kuwaonyesha watu wa pwani jinsi sisi wa mlimani tunavyopima. Nikaitia plagi kwenye birika lao. Mshale ukapanda, ukafika mia, ukapita, ukaendelea ndani ya nyekundu. Maji yalikuwa hayajaanza hata kuruka vizuri. Nilibadilisha betri. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha plagi. Ni yaleyale. Mkuu wa Matengenezo akapita akauliza nani aliyeharibu geji hii. Nilisema sijui, na kwa kweli kichwa changu kilikuwa kimejaa ukungu wa Lushoto palepale kwenye jua la Tanga.

Jibu lilitoka jikoni kwangu. Mke wangu alikuwa analalamika tangu tuhamie kwamba maharage yanamharibikia. Kule kwetu alikuwa anayainjika asubuhi tunayala adhuhuri, na huku akienda sokoni akirudi anakuta uji. Nilimwambia ni aina tofauti ya maharage. Akaniuliza kwa ukali kama nimesahau gunia lile alilipakia mama yangu mwenyewe. Nikaweka kijiko chini. Maharage yaleyale, sufuria ileile, mwanamke yuleyule. Kilichobadilika ni mlima.

Kesho yake nilimwuliza Mkuu wa Matengenezo. Akanieleza bila kunicheka kwamba juu mlimani hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo maji huchemka mapema kabla hayajapata joto la mia. Sikumwelewa. Nilimwuliza mara tatu, maji yatachemkaje kama hayajawa ya moto ya kuchemka? Aliniazima kipimajoto cha kioo. Nilipopata likizo nilipanda nacho Lushoto, nikachemsha maji uani kwa mama. Yaliruka na kumwagika, na kipimajoto kikasimama kwenye tisini na tano. Nilikaa pale nikiyatazama mpaka yakakauka. Plagi zote zilikuwa nzima, na geji zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyezifanya ziseme mia kwenye tisini na tano, nikawafundisha madereva wote kutoziamini.

Nilimwandikia meneja. Akajibu kwamba faili la Athumani limefungwa. Nilishukuru kwamba limefungwa, mnisikie vizuri, nilishukuru. Na hapo ndipo nisipojielewa mpaka leo. Baada ya Tanga nilipelekwa Mombo, mimi sasa ndiye Mkuu wa Karakana, na kila wiki nilipita Soni na gari la ofisi. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Nilifundisha mafundi wengi pale Mombo, na kila mmoja nilimpa namba mbili za birika, moja ya chini na moja ya juu. Walinisifu kwa kujua sana.

Nilistaafu bado sijashuka Soni. Halafu asubuhi moja, sina kazi, sina gari la ofisi, nilifunga lile birika jeusi, nililokuwa nimelihifadhi tangu Lushoto, pamoja na kipimajoto kwenye kitambaa nikapanda basi.

Athumani alikuwa amezeeka, lakini alinitambua kabla sijasema shikamoo. Nilimweleza yote pale barazani. Nilipomaliza aliniambia ningoje, akawaita watoto wake waliokuwa shambani na binti yake mkubwa, mwalimu, aliyekuwa amekuja kuwasalimia. Walikuwa watu wazima, wenye watoto wao. Binti aliniamkia kwa adabu.

"Sema tena," Athumani aliniambia. "Na birika uwaonyeshe."

Nilichemsha maji mbele yao. Niliwaonyesha kipimajoto kimesimama chini ya mia. Nilisema baba yao hakuwa mhujumu, na kwamba mimi ndiye niliyeiharibu ile geji. Kijana wake akauliza, kama isingekuwa na plasta siku ile, ingemwokoa? Maji yakiisha plagi inabaki hewani na mshale unarudi baridi. Pengine angeuona umetoka kwenye nyekundu akafurahi, akakanyaga mafuta. Pengine angeshangaa akasimama. Nimeipima kichwani mara elfu, kila mara mshale unasimama pengine. Nikamwambia sijui.

Ndipo binti akanigeukia akauliza lake.

"Ulijua tangu lini, baba?"

Nikamwambia. Tangu Tanga. Akahesabu kimyakimya, nikaona midomo yake inacheza, na alipofika mwisho wa hesabu aliinama.

Athumani alisema maji yamekwisha kuchemka, yaletwe majani na sukari. Nilimwambia birika hili limepikiwa plagi miaka yote, halifai. Akasema litafaa. Tulikunywa chai ya birika lile, mara ya kwanza tangu nilipopewa, na yeye alinisimulia kona zote za ule mlima kana kwamba hakuna kilichotokea. Binti hakunywa. Kikombe chake kilipoa mbele yangu, na ulipofika wakati wa basi sikujua nimuage vipi yule binti.