Anti Alisema Mtoto Hataki

Binti yangu wa kwanza alinyonya miezi mitatu tu, na hilo sijawahi kujisamehe. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika Toronto, sikuwa nimefanya kazi saa za kutosha kupata likizo ya uzazi yenye malipo, basi mtoto alipofikisha wiki kumi na mbili nikarudi kazini na maziwa yakakauka. Hakuna aliyenilaumu. Wengine hata walinipongeza, ati sasa niko huru. Huru! Nilikuwa nalia bafuni huku nimefungulia bomba ili mume wangu asinisikie.

Kwa hiyo miaka mitano baadaye, nilipomzaa mwanangu wa kiume, niliapa. Huyu atanyonya miaka miwili kamili, kama tulivyofundishwa madrasa kule Tanga, mtu apende asipende. Safari hii likizo nilikuwa nayo, mwaka mzima, na mwaka ule tuliufaidi mimi na yeye. Tatizo lilianza ulipokwisha.

Nilikuwa nafanya kazi North York, kwenye karakana ya kukata vioo vya miwani. Nikamfuata msimamizi wangu, mzee mmoja wa Guyana, nikamwambia nahitaji chumba chenye mlango, na dakika ishirini mara mbili kwa siku, nikamue maziwa ya mtoto. Akauliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia mwaka mmoja na wiki moja.

"Mwaka? Si anakula wali huyo?"

"Wali anakula," nikasema, "na nyama anakula. Nahitaji chumba."

Akanipa stoo ya fremu. Mlango haukuwa na kufuli, nikawa nauzuia kwa kiti na kukalia kiti hicho hicho.

Sasa hiyo pampu. Kwenye boksi lake kulikuwa na picha ya mwanamke anatabasamu. Mimi nilikuwa nauma meno. Kuna siku ziwa la kushoto linatoa, la kulia limenuna. Kuna siku yote mawili yamenuna, naangalia picha ya mtoto kwenye simu, namwimbia kimoyomoyo, natupa jicho kwenye saa, na kadiri ninavyoiangalia saa ndivyo maziwa yanavyogoma. Dakika ishirini zikiisha, nimesharudi mbele ya mashine, ndipo yanapoamua kutiririka yenyewe na blauzi inalowa mbele za watu. Nilijifunza kuvaa nyeusi.

Mama yangu, kwenye simu kutoka Tanga, hakulipenda hata neno lenyewe.

"Unajikamua? Kwani wewe ng'ombe?"

"Mama, ndivyo linavyoitwa."

"Na hayo maziwa yakilala si yanachacha?"

"Yanakaa kwenye friji."

"Friji la kazini? Na watu wanayaona?"

Nikamhakikishia hakuna anayeyaona. Chupa nilikuwa naificha ndani ya kopo lililowahi kuwa na dagaa, na kwa harufu ile hapakuwa na mtu wa kulifungua. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akasema, "Haya, kamua mwanangu. Uchungu wa mwana aujua mzazi."

Mtoto alikuwa anashinda mtaa wa Agincourt kwa mama mmoja wa Kitamil kutoka Sri Lanka, aliyelea watoto watatu nyumbani kwake. Sote tulimwita anti. Mikono safi, roho safi, sina neno baya juu yake hata leo. Asubuhi namkabidhi mtoto na maziwa niliyokamua jana yake, jioni namchukua. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, chake na changu, kila kimoja kikichechemea upande wake.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha anti akanisimamisha mlangoni, anaona aibu. "Dada, sikutaka kukuambia. Mtoto hataki maziwa yako."

"Hataki vipi?"

"Nikimpa kikombe anakisukuma. Anasema no, no. Kutwa no, no. Basi nayamwaga."

Anayamwaga! Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse maziwa niliyoyatoa kwa kuuma meno stoo. Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Mwenyewe kasema hataki. Na neno hilo nilijua kalitoa wapi: dada yake, miaka sita wakati huo, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na jibu lake la kwanza kwa kila kitu lilikuwa no.

Mume wangu akanionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Mke wangu, umejitahidi. Mwaka na mwezi si haba. Mtoto mwenyewe kaamua." Mama peke yake ndiye aliyeshangaa. "Mtoto wa mwaka mmoja anakataa kwa Kizungu? Kwani huko unamsemesha nini?" Nilidhani ananisimanga. Nikasema nina kazi, nikakata simu.

Nikamwambia msimamizi stoo siihitaji tena, nikairudisha pampu kwenye boksi lake. Asubuhi na usiku niliendelea kumnyonyesha mtoto, lakini siku tisa bila kukamua maziwa yalipungua nikiona. Anavuta kidogo, anaachia, ananitazama. Nami najisemea, kumbe kweli hataki. Nikaenda duka la Wahindi nikanunua shubiri, ile chungu ambayo bibi zetu walipaka kwenye chuchu wakati wa kumwachisha mtoto ziwa. Nikaiweka kabatini. Jumamosi ningepaka, yaishe.

Ijumaa theluji ikaanguka ya kufunga barabara, na saa nane msimamizi akaturuhusu twende nyumbani. Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye korido ya jengo la anti, nakung'uta viatu. Sijagonga, nikamsikia mwanangu analia ndani.

"Nyonyo! Nyonyo!"

Na sauti ya anti, tamu, inambembeleza: "No, no? Oke. No, no."

"Nyonyo!"

"No, no. Oke, oke."

Mungu wangu! Mungu wangu mie! Nyumbani hakuwahi kulisema neno lile kwa sababu hakuwa na haja nalo. Alikuwa ananivuta kola, nami nafungua kifungo. Lakini mimi ndiye niliyelitia sikioni mwake kila siku, njoo nyonyo, haya nyonyo, na alipolitamka mara ya kwanza alimtamkia mtu asiyelijua. Mwezi na zaidi mwanangu anaomba ziwa, kikombe anakisukuma kwa kutojua kuwa nyonyo imo humo, na kila akiomba anaambiwa haya basi, usinywe. Na mimi mama yake nikaenda kununua shubiri.

Niligonga mlango kwa ngumi. Anti alipofungua sikumsalimu. Nilikaa chini pale pale penye viatu, koti mwilini, theluji inayeyuka kichwani, nikampakata mtoto nikafungua kifungo. Alinyonya kwa nguvu, akaachia, akalia. Yalikuwa matone mawili matatu tu. Akarudi tena, akaachia tena. Nilimweleza anti maana ya neno huku nalia kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Akajiziba mdomo, akakaa chini karibu yangu. "Nilikuwa namwaga," akawa anasema, "mimi nilikuwa namwaga." Mwishowe nikawa mimi ndiye ninayembembeleza yeye.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "maziwa yangu usiyaite kwa Kiingereza. Ukimpa kikombe, sema nyonyo."

"Nyo-nyo," akajaribu.

"Hivyo hivyo."

Nyumbani mume wangu aliniona natupa shubiri kwenye pipa la taka. "Na sasa mpaka lini?"

"Miaka miwili. Si nilishasema?"

"Na maziwa yakikataa kurudi?"

"Yatarudi."

"Yasiporudi?"

"Hebu nipishe hapo," nikamwambia, "nichemshe chupa."

Jumatatu nikakuta stoo imejazwa maboksi mpaka juu. "Si uliniambia umemaliza?" akauliza msimamizi. Nikamwambia nilikosea, nikaanza kuyatoa mwenyewe, moja moja. Yule mzee akakunja mikono ya shati akanisaidia. Siku ile nilikamua mara tatu, saa ya chakula nikiwa nimeitoa sadaka, na nilichopata hakikufunika hata kitako cha chupa. Jumanne vile vile. Jumatano vile vile, na Jumatano nilikufa moyo, sikatai. Niliishika ile pampu nikataka kuibamiza ukutani. Nikaiwasha tena. Mama alinipigia kila siku kuuliza kama nimekunywa uji wa pilipili manga, nami niliunywa asubuhi na jioni mpaka jasho likanuka viungo. Kila mtoto akivuta kola nilifungua, hata kama namwaga wali kwenye sinia, hata kama kuna wageni. Jumatatu ya pili nikapata vidole viwili vya maziwa.

Asubuhi yake niliyapeleka kwa anti, na sikuyaacha tu mlangoni kama siku zote. Basi langu lilikuwa linapita dakika ile ile, nikaliacha lipite. Nilisimama na koti langu nitazame. Anti akayapasha moto, akayamimina kwenye kikombe, akachuchumaa mbele ya mwanangu.

"Nyo-nyo," akamwambia, hacheki.

Mtoto akamtazama yeye, akatazama kikombe, akanitazama mimi. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote hajapumua. Akakiinamisha kikombe, akachungulia ndani, akamrudishia anti.

"Nyonyo!"

Anti akanigeukia, macho yanamng'aa, kama vile mimi ndiye mgeni wa lugha hiyo. "Dada," akaniambia, "anasema anataka tena."

"Nimemsikia, anti," nikasema, na nikaanza kufungua koti.