Mwiko wa Loshoro

Siku hizi miguu imegoma, Komunyo naletewa nyumbani, hapa Njiro kwa binti yangu. Natandika kitambaa cheupe mezani, nawasha mshumaa, nazima televisheni. Jumapili iliyopita mjukuu wangu akaniuliza, huku anatafuna bablishi, "Bibi, kile kikate chembamba, unaamini kweli ni Yesu?"

Nikamwambia, kaa chini.

Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini mafundisho ya Komunyo niliyashika kuliko wote. Katekista wetu kule Ngaramtoni alisema padri akishatamka maneno, ule si mkate tena, ni Yeye mwenyewe. Usimtafune. Na usitie kitu mdomoni kabla ya kumpokea.

Asubuhi ya Komunyo yangu ya kwanza mama alinipa loshoro ya wageni niikoroge, mahindi na ndizi na maziwa mgando. Mimi ndiye niliyekuwa na ulimi wa kupima ukali wa maziwa. Kila siku nililamba mwiko kabla ya kuepua. Mkono ukaenda wenyewe. Nikalamba.

Kanisani wenzangu wakapanga foleni na magauni yao meupe. Mimi nikabaki kwenye benchi. Mama akanifinya paja.

"Simama. Shangazi zako wametoka Terrat kwa miguu."

"Nimelamba mwiko, mama."

"Tone la maziwa. Nani amekuona?"

"Huyo ninayekwenda kumpokea."

Mama akaniachia paja. Nyumbani shangazi walikula loshoro yangu wakinitania, "Bibi harusi aliyemkimbia bwana." Nililia mpaka kifua cha gauni kikalowa. Nilidhani nimemkosa kabisa.

Jumatano padri akaniita misa ya asubuhi. Njia yote tope, gauni nimelifunga ndani ya kanga, mama yuko mbele. Kanisani tulikuwa watu watano. "Mwili wa Kristo." Amina. Nilifumba mdomo nikamwacha ayeyuke taratibu, naogopa hata kumeza mate. Nilijua nina mgeni.

Tulipotoka nje mama akafunua bakuli alilolificha kwenye kanga yake. Loshoro, na mwiko juu.

"Haya. Sasa lamba."

Mjukuu wangu alicheka sana. Mara hodi mlangoni, mama anayeniletea Komunyo amefika. Mtoto akatoa bablishi mdomoni, akaifunga kwenye karatasi, akapiga goti kando ya kiti changu.