Mbwa wa Mbio Anayesomewa Vitabu

Saa moja asubuhi, majani bado meupe kwa baridi kali, Wilmar Olaizola anazunguka uwanja wa shule akiokota mifuko ya plastiki. Anaichomoa kwenye senyenge, anaikunjakunja na kuishindilia ndani ya koti. Akimaliza upande mmoja anaurudia, maana upepo wa kusini umeanza kuvuma.

"Leo hata karatasi ya peremende sitaki kuiona hapa," anasema bila kuinua kichwa.

Mlangoni mwa maktaba, mbwa jike mwembamba wa rangi ya majivu anamtazama, amevishwa sweta la sufu. Anaitwa Centella, yaani cheche ya radi kwa Kihispania. Zamani alikuwa akikimbia kwenye mashindano ya mbwa nje ya mji wa Durazno, kabla mchezo huo haujapigwa marufuku nchini Uruguay. Wilmar alimfunza jambo moja tu: kukimbiza kitambaa cheupe kinachoburutwa kwa kamba. Siku hizi kazi yake ni kulala kwenye blanketi na kusikiliza watoto wakisoma kwa sauti.

Leo mkaguzi wa elimu anakuja kuamua kama kazi hiyo itaendelea.

Wilmar, mwenye umri wa miaka sitini na moja, alikuwa mnyoaji kondoo hadi mgongo ulipomkatalia. Kamati ya wazazi humlipa kidogo kwa asubuhi nne za wiki. "Zinatosha kuni na majani ya chai yetu ya mate," anasema akicheka. "Nyama namwachia Mungu."

Hakuja shuleni kutafuta kazi. Majira ya baridi mwaka juzi alileta kuni za jiko la maktaba, mbwa akamfuata ndani na kujilaza karibu na moto. Wilmar akiwa bado anapanga kuni nje, mwalimu wa maktaba, Nibia Caraballo, alisikia mtu akisoma.

"Sauti siijui," anakumbuka Mwalimu Nibia. "Nachungulia, namkuta Ludmila Pintos kapiga magoti, kitabu kakiweka mgongoni mwa mbwa. Huyu mtoto wenzake walimcheka siku moja alipokwama kwenye neno, tangu hapo darasani hakufungua mdomo. Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole. Niliogopa hata kupumua."

Baada ya Ludmila, ambaye sasa ana miaka minane, walifuata wengine. Mwenye kigugumizi, mwenye haya, anayesoma herufi kwa herufi. Mbwa hasahihishi, hacheki, wala hatazami saa.

Kisha Richard Pintos, fundi seremala, baba yake Ludmila, akamtambua mbwa.

"Don Wilmar, huyo si yule Centella wa mbio?" alimuuliza getini, mbele ya wazazi wengine.

"Ndiye."

"Mlimzoesha kwa sungura hai kabla ya kitambaa. Nilikuwepo."

"Uliona sawasawa."

"Na leo unamlaza karibu na uso wa mwanangu? Una akili kweli wewe?"

"Ningekana, ingekuwa rahisi," Wilmar anasema sasa, akifyonza chai yake ya mate kwa mrija wa chuma. "Lakini mji wenyewe ndio huu mdogo, kila mtu anakujua. Na Richard alikuwa pale kwenye kamba ya uwanja wa mbio akipiga mayowe, kama mimi tu."

Malalamiko yakafika kwa wakubwa. Ndiyo maana saa tatu kamili mkaguzi, Bi Iturralde, anaingia maktabani akiwa na koti refu, anasalimia, anavuta kiti karibu na jiko. Richard anakaa kati ya blanketi la mbwa na mlango, mikono kaikunja kifuani. Anasema waziwazi kwamba amekaa hapo ili awe wa kwanza kumfikia mtoto.

"Huwa mnamfunga?" mkaguzi anauliza.

"Wakati wa kusoma, hapana, bibi," Wilmar anajibu. "Akifungwa, mtoto anaona kamba tu. Haoni mbwa."

"Basi fanyeni kama siku zote."

Wilmar anafungua mkanda wa shingoni mwa mbwa.

Ludmila anaingia na joho lake jeupe la shule, utepe wa buluu umeenda upande. Hamtazami baba yake. Anaketi kwenye blanketi, anaegemea ubavu wa mbwa, anafungua hadithi ya punda aliyekataa kuvuka mto. Anaanza kwa mnong'ono. Mkaguzi anainama ili asikie. Polepole sauti inapanda, mstari kwa mstari, hadi inafika kwenye neno gumu.

"Mto u... uli... ulifu..."

Kuni zinapasuka ndani ya jiko. Ludmila amekazia macho ukurasa, masikio yamemwiva.

Hapo ndipo upepo unausukuma mlango ukafunguka, na mfuko mweupe wa plastiki, uliotoka sijui wapi, unapita uwanjani ukiburutika chinichini, unasimama, unaburutika tena.

Centella yuko wima. Hakuna aliyemwona akiinuka. Shingo imenyooka, misuli ya mapaja inacheza chini ya ngozi, macho yameganda nje. Kati yake na mlango wapo mtoto na Richard, ambaye naye ameshanyanyuka nusu.

"Mwite!" Mwalimu Nibia anamnong'oneza Wilmar. "Mwite, Don Wilmar!"

Wilmar hamwiti. Anatikisa kichwa, amejifunika mdomo kwa kiganja.

Baadaye anaeleza kwa nini. "Miaka yote ile, sauti yangu ndiyo iliyomwambia kimbia. Ningetamka jina lake tu wakati anakitazama kile kitu, angeruka. Angempitia mtoto juu. Sikuwa na la kufanya. Nilisimama pale kama gogo, nikawaza: kwisha."

Anayesema ni Ludmila. Hasemi kwa mnong'ono.

"We! Lala chini! Sijamaliza!"

Mbwa anamtazama. Anautazama mfuko. Miguu ya nyuma inamtetemeka. Kisha anajikunja taratibu, kiungo kimoja kimoja, anajilaza na kuweka kidevu juu ya goti la mtoto huku akihema.

"Mto ulifurika," Ludmila anasoma, kwa sauti ileile ya kufoka, na anaendelea nayo hadi mwisho wa ukurasa.

Hakuna anayepiga makofi. Richard anarudi kitini.

"Anafoka kama mama yake," anasema hatimaye, akijifuta uso kwa kiganja.

Mkaguzi hatoi sifa. Anasema mbwa ataendelea hadi mwisho wa mwaka, lakini kamba ifungwe kwenye mkanda wa suruali ya Wilmar, mtoto awe anasoma au hasomi, na mlango ule uwe na komeo. Wilmar anataka kubisha kuhusu kamba. Anamtazama Richard, anaiokota kamba na kuifunga mkandani.

"Richard ana haki," anakiri. "Nilimwona mbwa wangu vizuri leo. Bado yumo mule ndani yule wa zamani."

Mchana, Richard anarudi na sanduku la vifaa. Anapiga magoti mlangoni, anang'oa kitasa cha zamani.

"Nani alikifunga hiki?" anauliza. "Upuuzi mtupu."

"Mimi," anajibu Wilmar.

"Inaonekana."

Wilmar anamsogezea kibuyu cha chai ya mate, na Richard anakipokea.

Mpango wa Wilmar sasa ni mbwa wa pili. Nje kidogo ya mji yuko mbwa mwingine aliyestaafishwa mbio, amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, na mwenyewe amekubali kumtoa. Ni dume, ana woga, akisikia hatua za mtu anajificha. Wilmar anadhani atahitaji mwaka mzima kabla ya kumleta shuleni. Tayari kuna aliyeomba kumsomea wa kwanza.

"Nilimwambia Ludmila, mwanangu, huyo ukifungua kitabu tu atakimbilia chini ya meza," Wilmar anasimulia. "Akanijibu, 'Basi nitasoma chini ya meza.'"